Namba Nne Si Mkafuri

9 Februari 1991

Baba,

Shikamoo. Huku ni mzima, ukiacha jino langu la nyuma, nalo nimeliambia lisubiri zamu yake.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye meza yako ya kazi. Ndiyo, ndani ya karakana yako. Kufuli lilikuwa limeliwa na kutu, ufunguo ukagoma kuzunguka, nikalikata. Najua ulipohamia kwa Kaka uliagiza pabaki pamefungwa mpaka yeye aamue pa kufanyia nini. Kaka ni dereva wa lori, Baba. Mwaka wa pili huu hajaamua, na panya wameshaamua kwa niaba yake.

Nimeacha kazi kwa Mwenyekiti wa chama cha mafundi. Miaka sita nimempigia msasa milango yake, na kila nilipoomba kushika randa aliniambia mkono wa mwanamke ni wa kulainisha, si wa kukata. Sasa wiki iliyopita watu wa barabara walikata miti yote iliyokuwa kando ya ukuta wa kliniki ili wapanue njia, majani wakayachoma hapo hapo, magogo wakasema mwenye nguvu ajichukulie. Mwenyekiti akapita na wapambe wake, akayagonga kwa kiatu, akasema haya ni kuni, hata miti gani haijulikani. Nikamwuliza mbele za watu, "Kama hujui ni miti gani, umejuaje kuwa ni kuni?" Akanitazama kama mbuzi aliyeulizwa njia. Kesho yake sikwenda kwake tena.

Nimechukua magogo manne. Mkunga mkuu wa kliniki anasema wajawazito wanasubiri wakiwa wamekaa sakafuni, na kwamba nikimletea mabenchi sita atayapokea, ila yasije yakamwangusha mtu.

Nahitaji unachokijua. Mimi hukunifundisha, ulimfundisha Kaka. Mimi nilikuwa nafagia takataka za randa huku masikio yakiwa wazi. Kwenye bahasha hii nimetia vipande vinne, kila kimoja nimekipiga alama kwa patasi: mkato mmoja, miwili, mitatu, minne. Niambie ni miti gani, na nizikaushe vipi mbao zake.

Mimi,
Kitindamimba wako


2 Machi 1991

Kitindamimba,

Marahaba. Jino likang'olewe. Jino halijui zamu.

Kufuli lile lina umri wako. Ningekuwa huko ungenieleza vizuri. Umeacha kazi kwa mtu anayekulisha, umevunja mlango wa baba yako, sasa unataka baraka. Wagawie majirani hayo magogo wapikie, kisha urudi kwa Mwenyekiti umwombe radhi. Namjua yule. Alikuwa mwanafunzi wangu, na mtu aliyefundishwa na mtu hamsahau, wala hamsamehi. Ukikosea mara moja atakutangaza mpaka sokoni.

Vipande nimevipata. Wa kwanza ni mkangazi: nyuzi zake zinapishana, kucha ikienda inateleza, ikirudi inakwama. Wa pili ni mwarobaini, ulimi umeujua kabla yangu. Wa tatu ni mkafuri, harufu yake ilibisha hodi hata bahasha haijafunguliwa. Wa nne ni mkafuri pia.

Kukausha si kuanika nguo. Gogo linatoa maji kwa kasi kwenye ncha kuliko kwenye tumbo, na ncha ikikauka peke yake inapasuka. Ziba ncha zote kwa rangi nzito ya mafuta siku ile ile mti unapokatwa. Wewe umeshachelewa, kwa hiyo kata ncha zilizoanza ufa kisha uzibe upya. Usiache gogo zima, lipasue mbao za inchi moja. Panga kivulini, upepo upite, ubao wa chini usiguse ardhi. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene mmoja, na kijiti kikae juu ya kijiti, kuanzia chini mpaka juu, kama pingili za uti wa mgongo. Vikipishana, mbao zitajikunja. Juu ya rundo weka mawe. Kisha usubiri: inchi moja, mwaka mmoja.

Nimekueleza ili ujue ni kazi ndefu. Sikukueleza ili uifanye.

Baba yako


20 Machi 1991

Baba,

Shikamoo. Nimeifanya.

Ncha nimezikata na kuzipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye makopo yako. Wapasuaji walimaliza kwa siku tatu. Vijiti nimevipiga randa mwenyewe, mia moja na ishirini, vyote unene mmoja, na nimevipanga kwa uzi wenye jiwe. Mawe nimeyabeba kichwani kutoka kwenye vifusi vya barabara. Jirani mshona viatu anasema rundo langu linafanana na kaburi la tajiri. Jino nimeng'oa.

Kwa Mwenyekiti sirudi. Ukiniandikia tena habari ya kumwomba radhi utakuwa umepoteza wino.

Jambo moja. Namba nne si mkafuri. Ubao ulipofunguka ulikuwa wa njano kabisa, njano ya kiini cha yai la kienyeji, na ule uliopigwa na jua siku ya tatu ukawa kahawia, kama chai inayoendelea kukolea. Ukiushika unaacha mafuta mkononi. Mkafuri namba tatu una michirizi ya kijivu, wala haufanani na huu hata kwa bahati mbaya. Mimi nasema ni mvule.

Baba, kile kipande ulikitazama kweli? Mtu mwenye macho hawezi kukiita mkafuri. Au ulijibu tu ilimradi mtoto wa kike anyamaze? Kaka angekuuliza, ungekipeleka dirishani ukakigeuzageuza nusu saa. Nakujua.

Mkunga ananihimiza. Msimu wa baridi unakuja na sakafu ni ya saruji.

Kitindamimba wako


8 Aprili 1991

Habari ya macho yangu usiniulize. Nimepasua mbao kabla mama yako hajanijua. Nikisema mkafuri ni mkafuri. Mpaka utakapojifunza kuongea na mzazi, usiniandikie.

Baba yako


10 Aprili 1991

Wifi yangu,

Usishtuke kuona mwandiko ule ule. Mwandiko huu ndio uliokuwa ukikuandikia siku zote. Barua za baba ninaandika mimi, mke wa kaka yako, yeye akiwa ameegemea mto anataja neno kwa neno, pamoja na nukta.

Aliniapisha nisikwambie. Nimefikiri sana, nikaona niliapa kutosema, kuandika hatukukutaja.

Wifi, baba haoni. Presha ya macho ilianza kabla hajahamia kwetu, akaificha. Jicho la kulia lilizima mwaka juzi, la kushoto likafuata. Daktari alisema angewahiwa mapema pangekuwa na la kufanya. Sasa hapana. Anatofautisha mchana na usiku, basi.

Vipande vyako alivipapasa, akavinusa, akavilamba, akaviuma. Siku mbili. Mume wangu alimwambia aache kula kuni, wakakosana hawakuongea mpaka Ijumaa. Uliposema hukufundishwa, alinisimamisha, akaniambia nirudie mstari ule. Uliposema mtu mwenye macho, hakuniambia nirudie. Aligeukia ukutani.

Hataki ujue kwa sababu anasema ukijua utafunga karakana uje kumshika mkono kumpeleka bafuni. Anasema afadhali umchukie ukiwa kazini. Mimi sikuzaliwa nyumbani kwenu, lakini naona nyote wawili mmetoka kwenye gogo moja, na ncha hakuna aliyeziziba.

Wifi yako


5 Mei 1991

Wifi,

Haya ya juu usimsomee. Anzia chini ya mstari.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikamaliza nikiwa nimekaa chini kwenye vumbi la mbao. Niliandika maneno yale kwa hasira, na hasira haina breki. Nilitaka kupanda basi siku ile ile. Nikafunga na begi. Kisha nikakumbuka ulivyosema, afadhali nimchukie nikiwa kazini, nikalifungua. Sitakuja. Usimwambie kwamba nililia, atadhani mbao zimelowa.

Vipande vyote vinne nilivitia bahasha moja. Mkafuri ulivipaka vyote harufu yake njiani. Kosa ni langu. Safari hii namba nne iko peke yake, ndani ya kopo.

_______

Baba, shikamoo.

Ulinikataza kuandika, na mimi naandika. Kwenye kopo hili kuna kipande kipya cha namba nne, kinene, hakijakaa na mwenzake. Naomba ukikague tena upendavyo. Ukisema bado ni mkafuri nitanyamaza juu ya mti huu, ingawa sitakubali.

Kitindamimba wako


28 Mei 1991

Kitindamimba,

Mkwe wangu alifungua barua yako, akanyamaza muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, ndipo akaanza kusoma "Baba, shikamoo." Macho nimepoteza. Masikio ninayo yote mawili.

Basi unajua. Sitamgombeza, maana nikimgombeza nani ataandika? Anacheka hapa huku anaandika.

Namba nne ni mvule. Nilikosea. Ni mzito kuliko ukubwa wake, vitundu vyake ni vipana, na ukiukwangua vumbi lake linawasha pua. Jifunge kitambaa puani ukipiga randa. Ulivyoona rangi ikigeuka juani ulipaswa kuamini macho yako bila kuniuliza. Fundi anayejua halafu anaomba ruhusa ya kujua, huyo bado ni mfanyakazi wa mtu.

Sasa nisikilize. Ukifunga karakana kuja hapa kunishika mkono, utagonga na sitakufungulia. Mkono nina wangu. Kaka yako anataka nikae kwenye kiti kama mgeni mpaka nife. Nimeanza kutembea peke yangu hadi kwenye bomba la maji na kurudi. Nimeanguka mara mbili, sijamwambia.

Kuhusu benchi: usitengeneze sasa. Hata mkunga akilia. Kata kipande katikati ya rundo, kipime kwenye mizani, andika uzito wake, ukirudishe mahali pake. Fanya hivyo kila mwezi. Kikipungua, bado kina maji. Kikigoma kupungua miezi miwili mfululizo, mbao zimepatana na hewa, na hapo randa iingie.

Hukunisikia nikikuita nikimfundisha kaka yako. Sikukuita. Niliona unasikiliza nikaacha mlango wazi, nikadhani hiyo inatosha. Haikutosha.

Baba yako


15 Julai 1991

Baba,

Shikamoo. Uliniambia nisitengeneze, nikatengeneza.

Baridi iliingia, nikamwona mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane amekalia kipande cha boksi kwenye saruji. Nikachukua mbao za mkafuri, zile nyembamba za juu ya rundo, nikajiambia hizi zimepata upepo kuliko nyingine. Nilipozipima uzito ulikuwa bado unashuka. Nikajifanya mizani ni mbovu.

Benchi lilikaa siku kumi na tisa. Kwanza miguu ikaanza kucheza, halafu Alhamisi saa nne asubuhi, korido ikiwa imejaa, ubao wa kukalia ukapasuka kutoka ncha hadi ncha kwa mlio wa bunduki. Waliokaa walikuwa watatu. Hakuna aliyeumia, walishikana wakasimama. Lakini mmoja alipiga kelele kwamba anazaa, na kweli jioni akazaa, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Mkunga aliniambia maneno ambayo sitamlazimisha Wifi kuyasoma.

Ijumaa Mwenyekiti alikuja na mafundi wawili. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliongea kwa upole. Akasema atalichukua rundo lote aliondoe njiani mwangu, na kazi yangu ya msasa bado ipo, yaliyopita si ndwele. Nikatazama mawe yangu juu ya lile rundo. Nikamwambia mbao zangu hazijakauka na mimi sijakauka, apite tukiwa tayari. Mmoja wa wale mafundi akasema, "Dada, aibu hii utaificha wapi?"

Sijaificha. Nilikwenda kliniki nikalibeba lile benchi mwenyewe katikati ya mtaa, watu wakitazama, nikaliweka nje ya karakana karibu na njia. Nimeandika juu yake kwa ile rangi ya kijani: NILILITENGENEZA MIMI KABLA HALIJAKAUKA. Kila anayepita anasoma. Wengine wanacheka. Mshona viatu anasema nimerogwa. Wawili walisimama wakaniuliza mbao hukaushwa vipi, nikawaeleza mpaka chai yangu ikapoa.

Unaweza kunigombeza sasa.

Kitindamimba wako


4 Agosti 1991

Kitindamimba,

Sikugombezi.

Mlango wangu wa kwanza niliutengeneza kwa mbao mbichi. Ulikuwa wa nyumba ya bibi harusi. Baada ya mwezi ukajipinda kama sikio la mbwa, ukawa haufungiki, maharusi wakalala mlango wazi. Niliuchukua kwa madai ya kuupaka rangi, nikaupasua nikauchoma nyuma ya nyumba, nikasema umeibwa. Miaka arobaini na moja nimesema umeibwa. Mwenyekiti wako nilimfundisha kila kitu isipokuwa hilo, ndiyo maana hadi leo anadhani fundi mzuri ni yule ambaye hajawahi kuharibu.

Benchi liache hapo hapo nje. Mvua ikifuta maandishi, andika tena.

Mizani si mbovu.

Baba yako

(Wifi, aliponitajia habari ya mlango alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Mume wangu alikuja mbio akidhani kuna msiba.)


3 Mei 1992

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Niliogopa nikiandika nitaomba ruhusa.

Kipande cha mvule kiligoma kushuka mwezi wa kwanza na wa pili. Mkangazi uligoma mwezi wa pili na wa tatu. Niliingojea yote. Nilipoondoa mawe na kuinua ubao wa kwanza, niliugonga kwa kidole, ukalia. Ulipokuwa mbichi ulitoa mlio mzito kama tikiti. Mbao tisa zilijikunja, upande ambao kijiti kimoja kiliteleza. Zilizobaki zimenyooka. Vumbi la mvule limenitesa pua wiki tatu, na kitambaa nilifunga.

Mabenchi sita yako kliniki tangu tarehe nane mwezi uliopita. Manne ya mvule, mawili ya mkangazi. Hakuna msumari hata mmoja kwenye viungo vyake, nimevichonga ulimi na tundu, kimoja kinaingia ndani ya kingine. Mkunga alikalia kila moja, akaruka, naye si mwanamke mwepesi. Halafu akaenda kuita wagonjwa, akasahau kuniaga, na nilifurahi kuliko angenisifu.

Mwenyekiti alikuja siku ya tano, peke yake. Alipiga magoti kwenye korido mbele ya wajawazito, akachungulia chini ya kila benchi, akapitisha kidole kwenye viungo akitafuta ufa. Akina mama wakainua miguu ili aone vizuri. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikasema na baba yangu, kwa barua. Akadhani namtania. Akasema siku mzee akija angependa wakae waongee kiume, fundi kwa fundi, kuhusu kuniingiza kwenye chama. Nikamwambia, "Fundi wa kuongea naye kuhusu mimi ni mimi. Anza." Akafuta magoti vumbi, akasema atarudi. Bado hajarudi. Mimi kazi ninayo: shule imeangushiwa mti na upepo, jana nimeziba ncha zake kabla jua halijatua. Ni mjakaranda. Sikukuuliza.

Kitindamimba wako


24 Mei 1992

MWANANGU

NAANDIKA MWENYEWE. MKWE AMENIWEKEA RULA NIFUATE. KAMA MISTARI IMEPANDANA SOMA HIVYO HIVYO.

NAKUJA. KAKA YAKO AMEKATAA. NIMEMWAMBIA NILIMPA JINA MIMI, SI YEYE MIMI. MKWE ATANIPANDISHA BASI LA JUMAMOSI TAREHE 13.

SIJI KUKAA. NIANDALIE KAZI, KITANDA BAADAYE. VIDOLE VYANGU VINAPIMA UBAO ULIONYOOKA KULIKO MACHO YALIVYOPIMA.

MTU ASIJE KUNIPOKEA STENDI. MTU YEYOTE.

BABA


4 Juni 1992

Baba,

Shikamoo. Mistari ilipandana. Nimeisoma yote.

Kazi ipo. Mbao za mjakaranda zinapasuliwa wiki hiyo, na vijiti vya kuwekea katikati vinataka mtu wa kuvipapasa kimoja kimoja, kinene kitoke, chembamba kitoke. Mimi huwa naharakisha. Ukikosea nitakwambia, nikikosea utaniambia. Vitu vya karakana nimevihamisha kutoka ulivyoviacha, kwa hiyo usije ukagombana na meza. Mchana hatuli mpaka saa nane, kazi ikifika mahali pa kuachwa. Ukiwahi kusikia njaa, hilo ni lako na tumbo lako.

Basi linaingia saa nne asubuhi. Sitakuja stendi, nitakuwa kwenye msumeno. Ukishuka, acha kelele za wapiga debe nyuma ya mgongo wako, tembea hatua mia mbili na sitini mpaka usikie mashine ya kusaga. Nimezitembea nikiwa nimefumba macho, mara mbili. Mara ya kwanza niliingia kwenye duka la mshona viatu. Hapo kwenye mashine geuka kulia. Kuna mtaro wa hatua moja. Baada ya mtaro sikuelekezi tena. Fuata harufu.

Kitindamimba wako